Mtoto Asiyesikia Vizuri Darasani: Kumtambua na Kumfundisha

UTANGULIZI

Katika shule nyingi za msingi wamo watoto wanaoitwa wazito, wakaidi au wenye mawazo ya mbali. Wakiitwa kwa majina yao hawaitiki. Wakiulizwa swali hili hujibu lile. Wakipewa imla huandika maneno ambayo mwalimu hakuyatamka. Mwalimu asiyechunguza huona hapo uvivu au utovu wa adabu, na adhabu hufuata. Lakini miongoni mwa watoto hao wamo ambao akili zao ni timamu na nia yao ya kujifunza ni njema. Tatizo lao ni kwamba sauti ya mwalimu haiwafikii, au huwafikia ikiwa imekatika vipande.

Katika taarifa yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wana upungufu mkubwa unaohitaji huduma. Watoto katika hao milioni 430 ni milioni 34. Shirika hilo hilo limeeleza kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Basi jambo hili si la madaktari peke yao.

Watoto viziwi wana shule zao. Hapa Tanzania shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Lakini mtoto tunayemzungumzia hapa si kiziwi. Husikia nusu nusu, na kwa sababu hiyo huandikishwa katika shule ya kawaida, hukaa dawati la nyuma, na huenda akamaliza miaka yote ya masomo pasipo mtu kujua kinachomsibu. Mwanachuo atakutana naye katika mazoezi ya kufundisha, na hapana budi awe tayari.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi sikio linavyofanya kazi na maradhi yake ya kawaida kwa watoto; kuonyesha dalili ambazo mwalimu anaweza kuzitambua; na kupendekeza njia za kumfundisha mtoto huyo pamoja na wenzake.

1. SIKIO LINAVYOFANYA KAZI

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tunaloliona pamoja na tundu lake, ambalo huishia kwenye kiwambo cha sikio, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Sikio la ndani limejaa majimaji, nalo lina viungo viwili: kimoja kilichojipinda kama konokono, ambacho ni cha kusikia, na kingine chenye mifereji mitatu ya nusu duara, ambacho ni cha kutunza usawa wa mwili.

Sauti huingia tunduni, hutikisa kiwambo, na mtikisiko hupokezanwa na vile vifupa mpaka kwenye majimaji ya sikio la ndani. Huko vinyweleo vidogo sana huugeuza kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo na mshipa wa fahamu.

Yafaa mwalimu akumbuke jambo moja zaidi. Kutoka sikio la kati kuna mrija unaoteremka hadi nyuma ya pua, karibu na koo. Kazi yake ni kuingiza hewa. Kwa mtoto mdogo mrija huu ni mfupi na umelala kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mafua na maradhi ya koo hupanda sikioni kwa urahisi. Hii ndiyo sababu maradhi ya masikio ni ya watoto zaidi kuliko watu wazima.

2. MARADHI YA KAWAIDA

(a) Nta iliyoziba. Nta ya sikio si uchafu. Huwekwa na mwili ili kunasa vumbi na vijidudu, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Anayechokoa sikio kwa kijiti cha kiberiti, pini au unyoya wa kuku huisukuma ndani mpaka ikaziba tundu. Aidha, anaweza kutoboa kiwambo.

(b) Vitu vilivyoingia sikioni. Watoto hutia masikioni maharage, punje za mahindi, shanga na vipande vya kifutio. Mwalimu asijaribu kukitoa kitu hicho kwa kijiti, wala asitie maji, kwani punje hunyonya maji na kuvimba. Mtoto apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya. Kama kilichoingia ni betri ndogo ya saa, apelekwe hospitali saa ile ile, maana betri huunguza nyama ya sikio kwa muda mfupi.

(c) Sikio linalotoa usaha. Maambukizo yakiingia sikio la kati huleta homa na maumivu makali. Usaha ukizidi, hupasua kiwambo na kutoka nje. Hapo maumivu hupungua na wazazi hudhani kwamba mtoto amepona. Usaha ukiendelea kutoka kwa majuma mawili au zaidi, ugonjwa huo umekuwa sugu. Tiba yake ni dawa za matone anazoagiza mganga pamoja na kukausha sikio: kitambaa safi na laini huviringwa, huwekwa penye tundu mpaka kilowe, hutolewa, kisha huwekwa kingine mpaka sikio likauke. Hufanywa hivyo mara tatu kwa siku, na kitambaa kisiachwe sikioni. Mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, maji ya majani na mafuta ya taa visitiwe kamwe. Mtoto huyo asiogelee.

(d) Majimaji nyuma ya kiwambo. Baada ya mafua ya mara kwa mara, sikio la kati huweza kujaa majimaji mazito. Mtoto haumwi, wala usaha hautoki, ila husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa viganja. Hali hii hubadilika: juma hili husikia vizuri, juma lijalo hasikii. Ndiyo maana husemwa, “Huyu akitaka husikia.” Hapana neno linalomdhulumu mtoto kuliko hilo.

(e) Madhara ya sikio la ndani. Haya kwa kawaida hayaponi. Huweza kurithiwa, au kutokana na rubela iliyompata mama mjamzito, shida wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo. Dawa kama gentamisini na streptomisini huweza pia kudhuru sikio la ndani, ndiyo maana hazitumiwi ila kwa amri ya mganga. Nchini Tanzania chanjo ya surua imetolewa pamoja na ya rubela tangu mwaka 2014. Mwalimu anayewahimiza wazazi kupeleka watoto kliniki hulinda na masikio pia.

3. SIKIO NA USAWA WA MWILI

Mwili hutunza usawa wake kwa msaada wa macho, wa habari zitokazo kwenye misuli na viungo, na wa ile mifereji mitatu ya sikio la ndani. Daktari Mfaransa Prosper Ménière ndiye aliyeeleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu huweza kutoka sikioni, wakati ambapo wengi walikihesabu kuwa ugonjwa wa ubongo.

Mtoto ambaye mifereji hiyo imedhurika, mathalan baada ya homa ya uti wa mgongo, hujifunza kutegemea macho. Mchana hutembea vizuri. Usiku, au akifumba macho, huyumba. Hushindwa kusimama kwa mguu mmoja, na katika michezo huanguka ovyo. Mwalimu wa michezo asimcheke wala kumlazimisha kupanda miti au kutembea juu ya ukuta. Mtoto mwenye kizunguzungu kikali na kutapika aketishwe chini, kisha apelekwe kwa mganga.

4. DALILI ZINAZOONEKANA DARASANI

Dalili moja peke yake haitoshi. Zikikusanyika kadhaa, mwalimu aanze kuchunguza:

(i) Mtoto hutazama sana midomo ya msemaji, au hugeuza upande mmoja wa kichwa.
(ii) Hungoja wenzake wafungue daftari ndipo naye afungue.
(iii) Husema “eeh?” mara kwa mara, au hunyamaza tu na kutabasamu.
(iv) Huzungumza kwa sauti kubwa mno au ndogo mno.
(v) Hufanya vizuri katika hesabu zilizoandikwa ubaoni, lakini hushindwa katika hesabu za kichwa na imla.
(vi) Akiitwa kutoka nyuma hugeuka upande usio wenyewe. Hii huonyesha mara nyingi kwamba sikio moja ndilo linalofanya kazi, kwa kuwa tunahitaji masikio mawili ili kujua sauti inatoka wapi.
(vii) Hushika sikio, sikio hutoa harufu, au wenzake hawataki kuketi naye.

Suala la imla lahitaji uangalifu. Sauti kama f, s, sh na th ni dhaifu, nazo hupotea upesi kwa mwenye kasoro ya sikio la ndani. Huweza kusikia “pika” mwalimu anapotamka “fika” au “shika”. Lakini nchini mwetu watoto wengi huchanganya sauti kwa sababu ya lugha zao za kwanza: r na l, dh na z, th na s. Mwalimu atatofautishaje? Kwanza, makosa ya lugha ya kwanza ni ya wengi wanaotoka mahali pamoja. Makosa ya sikio ni ya mtoto mmoja mmoja. Pili, makosa ya lugha ya kwanza hayabadiliki hata mwalimu akisimama karibu. Makosa ya sikio hupungua mwalimu akikaribia na uso wake ukaonekana. Basi, toa imla ya maneno kumi ukiwa mbele ya darasa, kisha siku nyingine toa maneno mengine kumi ya aina ile ile ukiwa kando ya mtoto, ukilinganisha makosa. Tofauti kubwa ni ushahidi wa kutosha wa kuendelea na hatua inayofuata.

5. UPIMAJI MWEPESI WA KUNONG'ONA

Upimaji huu hauhitaji chombo chochote. Ufanywe mahali patulivu, mtoto mmoja mmoja, kama mchezo na si kama mtihani.

Simama nyuma ya mtoto kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ili asiione midomo yako. Mwambie abonyeze na kusugua polepole kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio lisilopimwa. Toa pumzi, kisha nong'ona neno moja ambalo analijua, kama vile samaki, sabuni, kiti, moto, ndizi, paka. Naye alirudie. Tumia maneno sita kwa kila sikio, wala usirudie maneno yale yale kwa sikio la pili. Mtoto akishindwa kurudia nusu ya maneno, rudia upimaji siku nyingine. Akishindwa tena, apelekwe kwa mganga.

Matokeo haya si uamuzi wa daktari. Mwalimu si mganga, wala asitangaze mbele ya darasa kwamba fulani ni kiziwi. Kazi yake ni kuona mapema na kupeleka habari panapostahili.

6. NJIA ZA KUFUNDISHIA

Sauti hupungua kadiri inavyosafiri. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Tuchukue mwalimu anayezungumza kwa desibeli 60 zikipimwa mita 1 kutoka kwake. Kwenye mita 2 zitabaki 54, kwenye mita 4 zitabaki 48, na kwenye mita 8 zitabaki 42. Mtoto ambaye hasikii sauti iliyo chini ya desibeli 40 atasikia barabara akiwa dawati la mbele. Nyuma kabisa atapata mnong'ono tu, nao utafunikwa na minong'ono ya wenzake. Kuta za darasa hurudisha sauti kidogo, lakini mwangwi huo huo huvuruga maneno. Hivyo msaada wa kwanza hauna gharama: ni kumhamishia mtoto mbele.

Pamoja na hilo:

(a) Mketishe mahali ambapo sikio lake zuri limeelekea darasani na kwa mwalimu.

(b) Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, kwani uso wako utakuwa gizani. Simama mwanga ukuangaze.

(c) Usizungumze huku ukiandika ubaoni. Andika kwanza, geuka, kisha eleza.

(d) Usipige kelele. Sauti ya kupayuka hupotosha matamshi na kumtisha mtoto. Sema kwa sauti ya wazi na ya mwendo wa wastani.

(e) Akikosa kuelewa, usirudie sentensi ile ile mara tatu. Ibadilishe. “Toeni madaftari” yaweza kuwa “Chukueni daftari la hesabu”, huku ukilionyesha.

(f) Usiulize, “Umeelewa?” Atajibu ndiyo. Uliza, “Tutafanya ukurasa gani?” au “Nimesema tuanze na nini?”

(g) Mpe jirani mwema wa dawati atakayemwonyesha mahali walipofika. Jirani huyo asimfanyie kazi.

(h) Andika ubaoni maneno mapya ya somo, na wakati wa imla hakikisha kuwa mtoto anauona uso wako.

(i) Wanafunzi wanapojibu kutoka nyuma, rudia jibu lao kwa darasa zima.

(j) Mvua inapopiga juu ya bati, hata mwenye masikio mazima hasikii. Mwalimu awe na kazi ya kusoma au kuandika iliyowekwa akiba kwa saa hiyo, badala ya kushindana na mvua.

Wengine watasema kwamba darasa lenye watoto wengi haliruhusu kumhudumia mtoto mmoja. Hoja hii ina uzito, lakini tutazame tena orodha hiyo. Karibu kila jambo lililotajwa huwafaa wote. Mwalimu anayegeuka ndipo aseme, anayeandika maneno mapya na kurudia majibu, amewasaidia hata wale walioketi mbali kwa kukosa nafasi.

7. SOMO LA MFANO: SIKIO

Somo hili la dakika 40 lafaa kwa madarasa ya kati. Lina faida mbili: watoto hujifunza sayansi kwa vitendo, na hujifunza kutomcheka asiyesikia.

Zana: kopo tupu lililo wazi upande mmoja, kipande cha nailoni, mpira wa kufungia, punje chache za mchele, sufuria, chupa ya kioo yenye maji na majani ya chai.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Watoto wafumbe macho, mwalimu apige makofi kutoka pembe mbalimbali, nao waonyeshe kwa kidole sauti inakotoka. Kisha wazibe sikio moja na warudie. Waeleze tofauti.

Hatua ya pili (dakika 12): Wamba nailoni juu ya kopo na kuifunga kwa mpira. Weka mchele juu yake. Piga sufuria karibu na kopo bila kuligusa. Mchele utarukaruka. Waulize: ni nini kilichoutikisa? Eleza kiwambo cha sikio. Kisha toboa nailoni na urudie. Hapo wataona wenyewe kwa nini sikio halichokolewi.

Hatua ya tatu (dakika 10): Zungusha chupa yenye majani ya chai, kisha isimamishe ghafla. Chupa imetulia, majani yangali yanazunguka. Eleza kwamba ndivyo yalivyo majimaji ya sikio baada ya mtu kuzunguka, naye huhisi kama dunia yazunguka. Watoto wasizungushwe kwa mbio, ila wajaribu kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi na kisha macho yakiwa yamefumbwa, wenzao wakiwa tayari kuwashika.

Hatua ya nne (dakika 8): Wazibe masikio yote mawili huku mwalimu akisoma maneno matano kwa sauti ya chini. Waandike walichosikia, kisha waseme walivyojisikia. Hapa mwalimu asitaje mtoto yeyote kwa jina.

Tathmini (dakika 5): Taja mambo matatu ambayo hatupaswi kuyafanya kwa masikio yetu.

8. MWALIMU, WAZAZI NA ZAHANATI

Mwalimu akishapata ushahidi, amweleze mwalimu mkuu, kisha azungumze na mzazi faraghani. Aanze na yale mema ya mtoto, ndipo aeleze alichokiona: “Mtoto wako ni mwerevu katika hesabu za ubaoni, lakini nikisema kutoka nyuma yake hasikii.” Baadhi ya wazazi huona aibu, na wengine huamini kuwa usaha wa masikio ni jambo la utoto litakaloisha lenyewe. Waelezwe kwa upole kwamba ugonjwa sugu hula usikivu wa mtoto kidogo kidogo.

Zipo dalili zisizongoja kesho: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, homa pamoja na shingo iliyokakamaa, kichwa kuuma sana, uso kupinda upande mmoja, au kutapika pamoja na kizunguzungu. Mtoto mwenye dalili mojawapo, hasa ikiwa sikio lake linatoa usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto akipewa kifaa cha kusaidia kusikia (shimesikio), mwalimu ajue kwamba kifaa hicho hukuza kila sauti, pamoja na kelele. Hivyo utulivu wa darasa na kiti cha mbele bado vinahitajika. Kifaa kisiloweshwe, na betri zake zihifadhiwe mbali na watoto wadogo.

HITIMISHO

Tumeona kwamba upungufu wa kusikia hufanana sana na ukaidi na uzito wa akili, na kwamba tofauti yake hujulikana kwa uchunguzi mwepesi unaowezekana katika shule yoyote. Tumeona pia kwamba sehemu kubwa ya msaada imo mikononi mwa mwalimu mwenyewe: mahali anaposimama, namna anavyosema, na kiti anachompa mtoto. Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, uendapo katika mazoezi ya kufundisha, mtoto asiyeitika umkaribie kwanza na kumwita tena huku akikutazama. Adhabu haijapata kufungua sikio lililoziba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwanafunzi huandika “lafiki” badala ya “rafiki” kila mara, na mwingine huandika “pimbo” badala ya “fimbo” anapoketi nyuma tu. Ni yupi umshuku kuwa na tatizo la kusikia, na kwa nini?
2. Chora ramani ya darasa unalofundisha. Onyesha madirisha, ubao, na mahali utakapomketisha mtoto ambaye sikio lake la kushoto halisikii. Toa sababu.
3. Andaa mazungumzo mafupi kati yako na mzazi anayesema kwamba usaha wa masikio ni jambo la kawaida kwa watoto.